Mwani Kichwani

Yona alipozama baharini, anasema mwani ulimzinga kichwa. Mwaka jana washirika walipohama kanisa letu, nilijiona vivyo hivyo.

Siku hizo nilishuka Kibuyuni, kule Kwale, kumtembelea mama mmoja mkulima wa mwani. Bahari ilikuwa imekupwa. Tafi walikuwa wameila kamba nzima, mbegu zimebaki vikonyo. Nikamhurumia. Akacheka: "Pasta, tafi naye si lazima ale? Hata sisi twamla."

Akaanza kufunga mbegu mpya, moja moja, za kuvunwa baada ya wiki 6 hivi. Nikakunja suruali nikamshikia kamba. (Mafundo yangu yalifunguka yote.)

Jumapili nilihubiria watu 11.