Vigae vya Athens

Wageni wengi wakifika Athens hukimbilia juu Akropoli, wakapige picha na nguzo za Parthenon. Mimi nakushauri uanzie bondeni, Agora, lililokuwa soko na baraza la Wagiriki wa kale. Ukiwahi asubuhi utawakuta wenyeji wa siku hizi: kobe, wanakatiza njia baina ya mizeituni bila haraka na mtu.

Hapa, mwaka 514 KK, katika pilikapilika za sikukuu ya Panathenaia, Harmodius na Aristogeiton walimuua Hipparchus, mdogo wake mtawala Hippias. Mji ukawasimamishia sanamu kama wakombozi. Mwanahistoria Thucydides hakuwaonea haya: aliandika kwamba kiini kilikuwa mapenzi na fedheha, na kwamba baada ya hapo Hippias alizidi ukali. Alikuja kung'olewa mwaka 510 KK, tena kwa jeshi la Sparta.

Miaka miwili baadaye mwanasiasa Cleisthenes akawapanga raia upya katika makabila 10, kila moja likichanganya watu wa mjini, wa pwani na wa bara, ili koo kubwa zisiwashike mkononi. Kila kabila likatoa watu 50 wa Baraza la 500. Wanawake na watumwa, bila shaka, hawakuulizwa.

Lakini kilichonigandisha kimo ndani ya jumba la makumbusho, Stoa ya Attalos: vigae vya vyungu. Mara moja kwa mwaka wananchi waliulizwa kama yupo wa kufukuzwa. Wakikubali, siku ya kura kila mmoja alikwaruza jina kwenye kigae. Vigae vikitimia 6,000, aliyechukiwa zaidi aliondoka miaka 10, mali yake isiguswe. Nilikiinamia kimoja, kitako cha kikombe cheusi, herufi zimepinda: Themistocles, mwana wa Neocles. Ndiye shujaa wa vita vya baharini vya Salamis! Katika kisima kimoja mteremkoni mwa Akropoli vilipatikana vigae 190 vya jina lake, na wataalamu walipolinganisha miandiko wakahesabu mikono 14 tu. Huenda viliandaliwa kuwagawia wapiga kura. Sisi neno tunalo: uchakachuaji.

Jioni panda Pnyx, kilima walikokutania raia kujadili mambo ya mji, mwendo mfupi kwa miguu. Jukwaa la wasemaji, lililochongwa mwambani, bado lipo. Nilipofika hapakuwa na foleni wala kelele. Vijana wawili walikuwa wameketi karibu nalo wakimenya machungwa, Akropoli ikiwaka jua mbele yao.