Fonti Isafiri na Waraka Wake

John Warnock, mmoja wa waanzilishi wa Adobe, alifariki Agosti 2023, na wengi wanaopokea PDF kwenye simu leo hawajui kwamba waraka kufunguka vilevile kila mahali ni jambo lililopiganiwa. Alilipendekeza mwaka 1991 katika mradi wa Camelot. PDF yenyewe ikatoka 1993. Lakini iliachiwa upenyo. Fonti 14 za msingi, yaani familia za Helvetica, Times na Courier pamoja na Symbol na ZapfDingbats, hazikulazimika kupachikwa ndani ya faili, kwa kuwa kila kompyuta ilitarajiwa kuwa nazo. Fonti nyingine ikikosekana, Acrobat, programu ya Adobe ya kufungua PDF, ilichukua moja kati ya mbili za akiba, Adobe Sans MM au Adobe Serif MM, ikaitanua au kuibana mpaka kila herufi ikalingana na upana ulioandikwa ndani ya faili. Mistari ilikatikia palepale na kurasa hazikusogea, ingawa sura ya maandishi haikuwa ile aliyoichagua mwandishi. Ulikuwa ustadi mkubwa, nami nauheshimu hadi leo.

Hata hivyo, upana hauwezi kuleta herufi isiyokuwepo. Chukua jina la Ngũgĩ. WinAnsi, orodha ya herufi inayotumika sana na fonti zile za msingi, haina ũ wala ĩ. Programu inayoitegemea hutoa pengo, kisanduku au alama ya kuuliza katikati ya jina la mtu. Watetezi wa mtindo wa zamani husema kupachika fonti kunanenepesha faili. Enzi za diski ya MB 1.44 walikuwa na haki. Lakini si lazima kupachika fonti nzima: huchukuliwa herufi zilizotumika tu, na ndiyo maana jina la fonti huonekana likitanguliwa na herufi kubwa sita na alama ya kujumlisha. Wengine hutaja leseni, na ni kweli zipo fonti zinazokataza kupachikwa. Basi ichaguliwe inayoruhusu, kwani siku hizi zimejaa.

Mwaka 2005 PDF/A, kiwango cha nyaraka za kuhifadhiwa, kilifanya upachikaji kuwa sharti. Inaudhi kwamba ankara na vyeti bado vinatolewa bila kulijali. Sababu nyingine ya waraka kubadilika sura ni seva inayoutengeneza: ikikosa fonti ya Arial, huweka fonti nyingine kabla PDF haijazaliwa, na msomaji hana la kufanya. Kupima ni rahisi. Endesha programu ya pdffonts kwenye faili, utazame safu ya «emb». Ikisema «no», fonti haikupachikwa. Ikisema «yes» lakini jina si la fonti uliyoichagua, kosa lilitokea kwenye seva, na huko ndiko fonti inakopaswa kuwekwa. Kwa vyovyote, jukumu ni la anayetengeneza waraka, si la anayeufungua.