Utata na Uchangamano: Maneno Mawili na Kiondo cha Ikutha

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, utata na uchangamano hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni neno moja. Matumizi hayo yana hasara. Utata umetokana na tata, yaani hali ya nyuzi kuvurugana ovyo. Jamaa zake ni tatizo na tatua. Uchangamano umetokana na kuchangamana: vitu vingi kuingiana hata vikawa kimoja. Sentensi changamano, kwa mfano, ina kishazi tegemezi ndani yake, wala haina utata wowote iwapo imeundwa vyema.

Tofauti hii hudhihirika mikononi mwa msusi wa kiondo huko Ikutha, kusini mwa Kitui. Nyuzi za katani zikitatana, huzitatua kwanza, ndipo asuke. Kiondo kikishakamilika, nyuzi zimepitana kwa wingi, lakini kila mmoja una njia yake. Atakayejaribu kukitatua kiondo hicho atabaki na rundo la nyuzi, asiwe na cha kubebea nafaka. Si ajabu kwamba kutatua humaanisha pia kurarua.

Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi zimepatwa na mkasa huohuo. Msomaji anayeziita tata hutafuta ufunguo mmoja, na kila taswira huigeuza fumbo lenye jibu. Anayeziona kuwa changamano huuliza jinsi ndoto, falsafa na masimulizi ya jadi yanavyoshikana, na ni kitu gani kingeanguka iwapo uzi mmoja ungeondolewa.

Suala hili halikomei vitabuni. Ikutha yenyewe huelezwa mara kwa mara kwa neno moja: tatizo, yaani tatizo la maji. Kumbe mto mkavu huhifadhi maji chini ya mchanga, na watu huyachimba. Mvua za vuli hutegemewa kuliko za masika. Mifugo huuzwa shamba linapokosa mavuno. Ukame ni shida ya kweli, lakini maisha yanayoukabili yamesukwa. Mwenye kuyaita tatizo hujipa ruhusa ya kuyatatua kabla ya kuyasoma.

Mhakiki, basi, hana budi kuamua kwanza kilichoko mbele yake: fundo la kufunguliwa, au msuko wa kufuatwa. Ugumu wa kusoma pekee haumwambii ni kipi.