Sauti Iliyopita Juu ya Mapaa ya Buguruni

Mwaka wa 1951, serikali ya kikoloni ilipofungua kituo kidogo cha majaribio kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam, Buguruni ilikuwa bado kijiji cha minazi kando ya mji, na sauti ile, kwa udhaifu wa mtambo wake, haikwenda mbali na bandari ilikotokea. Miaka mitano baadaye kituo kikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika; na Julai 1965 shirika hilo likavunjwa, kazi zake zikaingizwa serikalini, na jina likawa lile ambalo watu wa umri wangu hawatalisahau maadamu wanapumua: Radio Tanzania Dar es Salaam. Nyumba ya watangazaji ilikuwa Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, mwendo wa miguu tu kutoka nyumbani kwetu, na sisi watoto tulipopita mbele ya lango lake tulipunguza makelele kwa taadhima, tukiamini kuwa yeyote atokaye mle, hata akiwa mfagizi, amejaaliwa kuijua siri ya sauti kuruka angani.

Marhumu baba yangu, aliyekuwa karani bandarini, alinunua redio baada ya Uhuru. Ilikuwa na bendi tatu, na kila bendi ilikuwa na heshima yake. Habari za nyumbani tulizipokea katika mawimbi ya kati, kwa kuwa tulikaa karibu na mitambo. Lakini usiku, taarifa ya habari ya saa mbili ikiisha, baba aligeuza kitufe akaingia katika mawimbi mafupi, na hapo baraza yetu ilibadilika ikawa kama gati ambapo majahazi ya mataifa yote yanatia nanga. Cairo ilikuwa imeanza kutangaza kwa Kiswahili tangu 1954, na wazee waliipenda kwa ukali wake juu ya wakoloni. London ilifuata Juni 1957, Peking 1961, Washington 1962, na Ujerumani 1963. Moscow nayo ilikuwamo. Wazee wale, ambao aghalabu hawakupata kukaa darasani ghairi ya chuo cha Kurani, walikuwa na desturi ambayo hata leo siwezi kuikumbuka bila ya kuiheshimu: hawakukubali habari ya stesheni moja. Wakiisha kumsikia Mwingereza, walimtafuta Mchina. Wakiisha kumsikia Mchina, walimngoja Mmarekani. Kisha ndipo walipozungumza, kila mmoja akipima kauli hizi na zile, na mkutano haukuvunjika mpaka uamuzi umepatikana. Nilijifunza hapo, mapema kuliko nilivyojifunza shuleni, kwamba dunia ina ndimi nyingi na kila ulimi una matakwa yake.

Sikutambua, hata hivyo, mawimbi mafupi yalikuwa na maana gani kwa nchi yetu yenyewe mpaka nilipopelekwa kufundisha Kasulu, mkoani Kigoma, katika miaka ya mwanzo ya sabini. Tanzania Bara ni nchi pana mno, na mawimbi ya kati, ambayo wakati wa mchana hutambaa na ardhi, huchoka kabla ya kufika mbali, na majira ya mvua huharibiwa na radi. Mawimbi mafupi hayana haja ya ardhi: hupanda juu, kilomita 100 na zaidi, yakagonga tabaka la anga ambalo jua limelitia nguvu za umeme, yakarudishwa chini mahali pa mbali, yakiwa yameruka milima, mapori na maziwa bila ya kuuliza njia. Kwa nchi za joto kama yetu ilitengwa bendi mahsusi, ile ya mita 60, na humo, katika kilohezi 5050, ndimo nilimoisikia Dar es Salaam kule Kasulu. Ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, yule kipofu aliyepiga ngoma nyingi peke yake, zilinijia kabla ya taarifa ya habari, zikipanda na kushuka kwa kadiri anga lilivyotaka, nami ugenini nikajiona niko Buguruni. Nilipotazama pembeni nikawaona majirani zangu Waha, ambao hawakupata kuiona bahari, wamenyamaza kwa ngoma zile zile, nao hawakuziona kuwa za mji wangu. Waliziona kuwa zao. Hapo ndipo nilipofahamu kazi ya chombo hiki. Sauti iliyotoka jirani na nyumba ya mama yangu ilikuwa imepita juu ya mapaa ya Buguruni bila ya kutugusa, ikaenda kuwafanya watu wa mbali wawe watu wa nyumbani.

Mwaka 1973 ilipoanza kampeni ya Mtu ni Afya, nilipewa kikundi cha wasikilizaji. Kwa wiki kumi na mbili, watu wapatao milioni mbili nchi nzima walikusanyika katika vikundi, wakafungua vitabu vyao saa ile ile, wakasikiliza kipindi kimoja, wakajadili, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo na kufyeka vichaka vya mbu. Redio ya kikundi chetu ilikuwa ya betri, na betri zilipodhoofu tulizianika juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya kutufikisha mwisho wa kipindi jioni. Nimesoma baadaye maandishi ya wataalamu juu ya kampeni ile, yaliyojaa hesabu za vyoo. Vyoo vilikuwa kheri kubwa, sikatai. Lakini kilichonigusa mimi ni kikongwe mmoja wa kikundi chetu aliyesimama kumjibu msomaji wa redio kana kwamba yumo chumbani, akamwambia kuwa amesema kweli kuhusu maji lakini amesahau habari ya mbuzi, na kikundi kizima kikaona ni haki yake kusahihisha.

Na sauti ile haikuishia mipakani. Dar es Salaam ilikuwa maskani ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963, na idhaa yetu ya nje ikawapa wapigania uhuru saa zao: FRELIMO, ANC, SWAPO na wengineo walikaa mbele ya vipaza sauti vyetu, wakazungumza na ndugu zao waliokuwa wakisikiliza kwa siri, usiku, katika nchi ambazo kukamatwa ukisikiliza kulikuwa ni balaa. Msumbiji ilipopata uhuru wake Juni 1975, mimi kama mtu wa Buguruni nilijivuna, kwa sababu baadhi ya maneno yaliyoandaa siku ile yalitoka mtaani kwetu.

Niliporudi mjini, redio ilikuwa imetawala mtaa. Ilipochezwa Simba na Yanga katika Uwanja wa Taifa, na upepo wa kusi ukivuma, kelele za bao zilitufikia mara mbili: kwanza kwa mtangazaji, kisha, baada ya kitambo kidogo, kwa umati wenyewe kutoka upande wa Chang'ombe, maana mawimbi ya redio ni mepesi kuliko sauti ya binadamu hewani. Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa juu ya uvamizi wa Idi Amin, hapakuwa na kelele za aina yoyote. Kuanzia pale sokoni mpaka Malapa watu walisimama wima penye redio yoyote, wauza samaki na wenye magari, na vita vilipoendelea tulikuwa tukimngoja mtangazaji Ben Kiko atuletee habari za Kagera kana kwamba tunangoja barua ya mwana.

Mabadiliko yalikuja kwa sheria ya utangazaji ya 1993, na mwaka uliofuata Radio One na wenzake wakafungua milango. Sauti za FM zilikuwa safi, hazikupanda wala kushuka, na vijana wa Buguruni walizipokea kwa furaha ambayo siwalaumu hata kidogo, kwani ziliwapa muziki wao na lahaja yao ya mjini. Lakini mawimbi ya FM huenda moja kwa moja kama jicho linavyoona. Hukoma penye upeo wa macho au penye mlima. Mji ukaanza kusemezana wenyewe kwa wenyewe. Mitambo mikubwa ya mawimbi mafupi, inayokula umeme mwingi na vipuri vya ghali, ikazeeka bila ya kurithiwa. Radio Tanzania ikawa TBC Taifa, ikijenga minara ya FM mkoa baada ya mkoa. Na mwaka 2011 London nayo ikatangaza kuondoa Kiswahili katika mawimbi mafupi. Mafundi redio wa Kariakoo, ambao zamani walijua kurekebisha koili za bendi zote tatu, sasa hutengeneza simu. Na hata mwenye redio ya zamani hapa mtaani, akiiwasha usiku katika mita 60, hupata mngurumo tu, kwa kuwa chaja za simu na taa hizi mpya za umeme mdogo zimelijaza anga letu vumbi lisiloonekana.

Unguja ilidumu zaidi. Mitambo ya Dole iliendelea kurusha matangazo ya Zanzibar katika mita 25 wakati ile ya Bara ilikwisha kudhoofika, na kaka wa mke wangu, anayeishi Maskati, alikuwa akiyapata vizuri, taarabu na habari za vifo na bei za karafuu. Usiku mmoja alinipigia simu kuniuliza hali, kisha akasema, "Shemeji, Unguja naisikia kila siku. Nyinyi wa Dar es Salaam mmehamia wapi?"

Nikamweleza juu ya FM, uzuri wake, na wingi wa stesheni tulizo nazo sasa.

"Alhamdulillahi," akajibu, "lakini hizo hazivuki bahari."

Nikamwambia atutafute katika simu yake, kwani siku hizi sauti zote zimo mle. Akasema hilo analijua, na wanawe humfungulia; ila baba yake, ambaye ni mzee sana na haoni vizuri, hajui kutumia kioo cha simu, naye bado ana redio yake, na kila baada ya Isha huomba ageuziwe kitufe mpaka Dar es Salaam.

"Basi nimwambie nini?" akaniuliza.

Nikamwambia amwambie ukweli, kwamba mitambo ilizeeka na haikuwekwa mingine, na kwamba wapo huku waliodhani ingefaa iwekwe.