Fyuzi Niliyoinyamazisha

Marehemu baba aliniachia Land Rover Series III ya miaka ya 1970. Niliipenda kwa macho tu: bodi niliing'arisha kila Jumapili, nyaya sikuzigusa. Kitu kikizimika nilikiunga kwa tepu nyeusi. Fyuzi ikiungua, niliizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, safari ikaendelea. Watu waliniita mtundu, nami nikavimba kichwa.

Kisha nikataka mwanga zaidi. Nikafunga balbu za wati 100 kila upande, kwa nyaya zilezile na swichi ileile. Hesabu yake ni ndogo: wati 200 kwa volti 12 ni karibu ampea 17. Zote nilizipitisha kwenye swichi kuukuu, tena katika gari ambalo taa zake kubwa hazikupitia fyuzi tangu kiwandani.

Usiku mmoja tulikuwa tunapanda kwenda Lushoto, mama kiti cha mbele, watoto nyuma. Dashibodi ikaanza kufuka moshi wa plastiki. Taa zikafa. Niliwashusha wote, nikafungua boneti bila hata spana mkononi. Kichwa cha betri kikang'oka kwa kuvutwa tu, maana kilikuwa kimelegea siku nyingi na kwa uvivu wangu sikukikaza. Moshi ukakoma. Uzembe mmoja ulituokoa na mwingine. Hapo sina cha kujisifia. Ni rehema ya Mungu.

Gari lilivutwa hadi Tanga, kwa fundi umeme mmoja mzee. Nilimwamkia, nikasubiri matusi. Alichungulia chini ya dashibodi, akasema, "Mwanangu, fyuzi hailindi taa. Inalinda waya." Akaniruhusu nikae naye nijifunze, wala hakunidai ada.

Alinianzisha na betri: athi, waya unaoshika bodi, inatoka kwanza, na ndiyo ya mwisho kurudi. Kisha rangi: waya wa kahawia unatoka kwenye betri bila kinga, mweupe unaamka kwa ufunguo, kijani umepitia fyuzi, buluu ni taa kubwa, mweusi ni athi. Tulipobandua tepu zangu, shaba ilikuwa imegeuka kijani na plastiki inakatika kama ganda la karanga. Nilitaka kuokoa vipande. Akanifanya niifumue kazi yote, nikaanza upya.

Tukafunga relei. Waya mnene ukatoka kwenye betri, fyuzi ikakaa jirani na betri, ukaingia mguu wa 30. Wa 87 ukaenda taani. Swichi ya zamani sasa inaamsha relei tu, haibebi hata ampea moja. Athi tuliikwangulia rangi na kutu mpaka chuma king'ae. Penye tundu la bati tulivisha mpira. Nilishuka hadi balbu za wati 60 kwa 55, na barabara ikaonekana vizuri kuliko zamani, kwa kuwa umeme haupotei tena njiani.

Tabia haikufa siku hiyo. Fyuzi mpya ilipoungua, mkono ulienda wenyewe kutafuta karatasi ya sigara. Nikajizuia, nikaufuata waya hadi nikaukuta umebanwa na bawaba ya mlango.

Ndugu yangu, kama na fyuzi yako imevishwa karatasi, sikuhukumu. Chomoa athi, toa karatasi hiyo leo, weka fyuzi ya ampea zinazostahili. Ikiungua tena, usipachike nene zaidi. Tafuta inachokuambia.