Ukishusha programu ya bure, usikimbilie kubofya "Next"
Binamu kaniandikia kompyuta yake imejaa matangazo tangu aweke programu ya kuangalia filamu. Sikushangaa! VLC ni ya bure kweli, lakini ichukueni videolan.org penyewe, si kila tovuti inayojitokeza juu Google. Ya juu mara nyingine ni tangazo la kulipiwa. Hata SourceForge, iliyoaminika miaka mingi, mwaka 2015 ilikutwa imeifungasha GIMP pamoja na matangazo. Wenye mali wapya wakaacha mchezo huo 2016. Mkiweka programu chagueni "Custom", toeni tiki kwenye vile vijisanduku. Nawe binamu, ingia Control Panel, panga programu kwa tarehe, ufute zilizoingia siku ile bila wewe kuziita.