Mpagazi Hana Yunifomu, Nani Atamvaa?

Wadau wa Chuga, swali la haraka. Ukisikia Kariakoo unawaza nini? Simu, viatu vya bei poa, msongamano. Sasa hilo jina limetoka vitani. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia. Ulimi wetu ukalilainisha, likawa Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao. Yaani jina la hawa watu tunalitaja kila siku, wenyewe hatuwajui.

Mimi ni mtu wa kosplei, mnanijua. Nimeshavaa Naruto, nimeshavaa Killmonger wa Black Panther. Safari hii nikasema nakuja kama mpagazi. Fomu ya shindano ikaniuliza jina la mhusika na filamu au katuni anayotoka. Nikaandika: mpagazi, Arusha, 1916. Jibu likaja kwamba mhusika lazima awe anajulikana.

Aisee, nilicheka halafu nikakasirika. Machi 1916 Waingereza waliichukua Arusha kutoka kwa Wajerumani. Lile Boma la 1900 mnalopigia picha, ambalo siku hizi ni makumbusho, lilikuwa la Wajerumani hao. Aprili jeshi la Jenerali van Deventer likatoka hapa kwenda Kondoa, masika yamekolea. Farasi wakafa, magari yakakwama kwenye tope. Na kwenye vita ile nzima, gari likikwama na ng'ombe akifa kwa mbung'o, mzigo ulipanda kichwani kwa mtu. Wanahistoria wengi wanataja wapagazi kama milioni moja kwa upande wa Waingereza peke yao, na waliokufa karibu 95,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Ni kuhara, malaria na njaa. Wajerumani nao walibebesha watu kwa nguvu.

Wazungu waliokufa walipata makaburi yenye majina. Wapagazi wengi hawakupata hata jiwe. Mwaka 2021 ndio tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ikakiri ubaguzi huo, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Zaidi ya miaka mia, bana.

Na msiniambie kosplei ni mambo ya Wajapani tu. Babu zetu walikuwa na beni. Ngoma hii ilianzia pwani, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890. Watu walivaa kama maofisa wa jeshi, wakapiga tarumbeta, wakapeana vyeo vya kingi na jenerali, na makundi ya Marini na Arinoti yakashindana kwa mavazi. Vita ilipoisha, askari na wapagazi waliorudi makwao waliisambaza bara. Ukiniuliza mimi, ile ilikuwa kosplei yenye akili kuliko yetu: unamvaa bosi wako mbele ya macho yake. Ila angalia walimvaa nani. Ofisa. Mpagazi mwenyewe hakujivaa, na namwelewa. Nani atajiremba kwa blanketi na njaa?

Hata kwenye sanamu ni hivyo hivyo. Ya Dar, pale Samora, ya mwaka 1927, ni askari peke yake na bunduki. Nairobi angalau wameweka watatu, mmoja wao mpagazi.

Mimi fomu niliiacha nikatengeneza vazi langu. Blanketi kuukuu, kaptula, miguu peku. Bibi yangu kule Akheri akanisokotea ngata ya majani makavu ya mgomba, huku ananishangaa: "Mjukuu wangu, unajibebesha mzigo na hulipwi?" Nikamwambia ni mambo ya vijana. Nikaweka mchele kilo 25 kwenye sanduku la mbao, uzito unaokaribia waliokuwa wanabeba wale, nikatoka Kijenge kwa miguu hadi Mnara wa Saa. Ni mwendo mfupi tu, lakini nilifika shingo imekufa na nyayo zinawaka. Wao walikuwa wanaamka kesho yake wanabeba tena.

Pale mnarani machalii walinipita bila kunitazama mara mbili. Nilivyo na simu yangu, nilitegemea angalau picha moja. Nikashuka mpaka Soko Kuu nipumzike, mama mmoja mwenye gunia la vitunguu akaniita: "Wewe kijana, mpaka stendi utanibebea shilingi ngapi?"